Chavua ya miti inayotoka mbali: macho na pua mwezi wa nne Ubelgiji

Mama Neema, Bukavu

Jambo kwenu wote. Binti yetu anasoma Liège. Misimu miwili ya kwanza hakupata shida. Mwaka huu, tangu mwisho wa mwezi wa tatu, macho yanamwasha, pua inatiririka, chafya haziishi. Mtaani kwake hakuna miti. Tumtumie klorofenamini kutoka hapa?

Papa Bahati, Namur

Jambo sana, Mama Neema. Klorofenamini msitume. Inaleta usingizi, na mwanafunzi hawezi kusoma hivyo. Farmasi za huko zina setirizini, dawa ya mzio (alerji) isiyoleta usingizi sana: mtu mzima humeza miligramu 10 mara moja kwa siku.

Kukaa misimu miwili bila shida ni kawaida. Mwili lazima kwanza ukutane na chavua, yaani unga wa maua ya miti, uitengenezee kingamwili, ndipo mzio uanze. Wengi wetu hudhani ni mafua. Lakini kama hana homa, makamasi ni maji matupu na macho yanawasha, fikirieni mzio kwanza.

Kwa tarehe hizo, wa kushukiwa ni bouleau, mti wa gome jeupe. Si lazima uwe karibu na nyumba. Chembe yake ya chavua ina upana wa maikromita 20 na kidogo, na katika hewa tulivu hushuka kama sentimeta 1 tu kwa sekunde. Joto la mchana likiipandisha mita 1000, itachukua zaidi ya saa 24 kurudi chini, na upepo wa kilomita 30 kwa saa utakuwa umeipeleka kilomita 800. Denmark hupokea chavua ya Poland na Ujerumani kabla miti yake yenyewe haijachanua. Jakaranda za Lubumbashi hazina tabia hiyo, kwa sababu chavua yao hubebwa na wadudu, si upepo.

Ndiyo maana shauri la kawaida, la kufunga dirisha mchana na kulifungua usiku, halitoshi. Chavua ya mti wa jirani hupungua usiku, ila ya mbali inaweza kushuka saa yoyote. Siku kavu zenye upepo wa mashariki afunge mchana na usiku, apitishe hewa baada ya mvua ya kutulia. Mvua ya radi ni jambo jingine: chembe hupasuka, vipande vidogo vikaingia hadi mapafuni. Akisikia kifua kinabana au kupiga filimbi, amwone daktari siku hiyohiyo. Hesabu za chavua hutolewa na Sciensano, taasisi ya afya ya Ubelgiji, kwenye tovuti yake ya AirAllergy.

Dada Riziki, Bruxelles

Naongeza kuhusu dawa ya kupuliza puani, kama mometazoni au flutikazoni, kwa sababu wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifanyi kazi. Nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa za kuitumia kila siku. Mwakani aanze katikati ya mwezi wa tatu. Ainamishe kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, na ncha ielekee upande wa sikio. Akiielekeza kwenye ukuta wa katikati ya pua, damu inaweza kutoka. Zile za kuzibua pua haraka, zenye zailometazolini, asipitishe siku 5, maana pua huziba zaidi akiacha.

Nguo zikaushwe ndani, nywele zioshwe kabla ya kulala. Tena mumuulize: je, tofaa au karoti mbichi vinamwasha mdomoni? Protini za vyakula hivyo zinafanana na za chavua ya bouleau. Vikipikwa, mara nyingi havisumbui. Akivimba koo au kukosa pumzi, apige 112, namba ya dharura, mara moja.

Mama Neema, Bukavu

Asanteni sana. Na maji ya chumvi?

Papa Bahati, Namur

Yanasaidia, Mama. Gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yakipungukiwa chumvi yanachoma pua. Aoshe kwanza, asubiri dakika 10, kisha apulize dawa; akigeuza mpangilio, maji yataondoka na dawa yote.