Jezi namba 22 ya Caitlin Clark na A'ja Wilson: kustaafisha namba ni heshima au ni kuifungia kabatini?

Mdau_wa_Upanga
Wakuu salaam. Jana usiku usingizi umegoma nikawa naangalia klipu za kikapu cha vyuo Marekani, nikakutana na ile siku ya tarehe 2 Februari 2025. Siku moja, vyuo viwili, namba ile ile 22 inapandishwa darini. Iowa wanamtundikia Caitlin Clark, South Carolina wanamtundikia A'ja Wilson. Sasa swali langu siyo nani bora, naomba tuelewane mapema. Swali ni hivi, namba ikistaafishwa maana yake hakuna binti mwingine ataivaa tena pale. Pale Iowa kabla ya Clark 22 alikuwa anaivaa Kathleen Doyle, na 2020 huyo dada alikuwa mchezaji bora wa ligi yao ya Big Ten. Wangemstaafishia yeye, Clark angevaa ngapi? Na mwenyewe 22 aliipenda kwa sababu kazaliwa tarehe 22 Januari. Mi naona namba iendelee kuvaliwa, jina ndo litundikwe juu, kama wanavyofanya Notre Dame. Mnasemaje?

Chuma_cha_Reli
Clark ana taji gani la taifa? Fainali mbili, mbili zote kala. 2023 chuo cha LSU wamempiga 102-85, 2024 South Carolina 87-75. A'ja kabeba 2017. Halafu unawaweka kwenye sentensi moja.

Mdau_wa_Upanga
Mkuu nimesema swali siyo nani bora.

Kipanga254
Wacha hizo Chuma. Pointi 3,951. Hakuna mtu, mwanaume ama mwanamke, amefikisha hiyo Divisheni ya kwanza. Amempita hadi Pete Maravich aliyekuwa amekaa juu na 3,667 tangu 1970. Kama hiyo haitoshi kutundikwa basi tutundike nini, mapazia?

Chuma_cha_Reli
Maravich alicheza misimu mitatu tu na mstari wa pointi tatu haukuwepo. Clark miaka minne anarusha kutoka kwenye nembo katikati ya uwanja. Na hao mabinti wa zamani mbona humtaji hata mmoja? Kuna Pearl Moore wa chuo kidogo cha Francis Marion, pointi 4,061. Kuna Lynette Woodard wa Kansas, 3,649, ila kwa sababu enzi hizo NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, walikuwa hawajaanza kusimamia kikapu cha wanawake, mashindano yao ya kwanza ni 1982, basi kwenye kitabu chao cha rekodi ni kama mama wa watu hakucheza. Mnaongelea heshima wakati kuna watu wamefutwa.

Kipanga254
Sasa hapo umesema kitu. Lakini si Clark alifuta.

Bwana_Fitna
Ila tuwe wakweli, kikapu cha wanawake nani anaangalia? Hata wakistaafisha namba zote kuanzia sifuri mpaka 55 nani atajua.

BintiMwanza_9
Nilikuwa napita tu kimya kimya lakini huyu kanitoa. Fainali ya 2024, hiyo hiyo Chuma kaitaja, South Carolina na Iowa, walitazama watu karibu milioni 19. Fainali ya wanaume mwaka huo huo haikufika milioni 15. Wanaume! Sasa nani haangaliwi? Tena wewe Fitna ndo wale mnaokesha kuangalia ligi ya daraja la pili Uingereza ambako hata jina la kocha hulijui.

Bwana_Fitna
Mkuu punguza hasira, nilikuwa natania.

BintiMwanza_9
Mi si mkuu, mi dada. Na utani wako siku zote unaangukia upande mmoja.

Mchambuzi_Uchwara
Hahaha Fitna kanyamaza leo. Turudi kwenye hoja ya mleta mada, binafsi kinachonikera siyo kustaafisha, ni kutokuwa na utaratibu. Brittney Griner kaondoka Baylor 2013, mwaka wa 2012 walishinda mechi 40 bila kupoteza, na 42 yake wamekuja kuipandisha Februari 2024. Miaka kumi na moja! Mpaka kocha amebadilika. Clark kamaliza 2024, hata mwaka mmoja haujatimia jezi iko darini. A'ja naye kamaliza 2018, kakaa miaka karibu saba, ingawa yeye sanamu lake lilikuwa limeshasimama nje ya uwanja toka 2021, palepale kwenye chuo ambacho bibi yake enzi za ubaguzi hakuruhusiwa hata kukatiza. Sasa hiyo ndo heshima ya kutoa machozi, namba ni kitambaa tu.

Kipanga254
Kwa hivyo Clark angengoja azeeke ndiyo mfurahi? Siku ile alikuwa ameketi uwanjani, Iowa wakawapiga chuo cha USC ya JuJu Watkins 76-69 mbele yake. Heshima mpe mtu akiwa bado anaweza kuiona.

Mzee_wa_Filimbi
Vijana, mimi nimechezesha kikapu miaka mingi, ngoja niwape kitu ambacho hamkijui. Pale vyuoni kwao zamani mchezaji alikuwa haruhusiwi kuvaa tarakimu zaidi ya 5. Ndo maana mkiangalia wakongwe wote ni 22, 23, 33, 34, 50. Sababu ni mwamuzi, faulo ikitokea anamwonyesha mtu wa meza namba kwa vidole, mkono mmoja tarakimu ya kwanza, mwingine ya pili, sasa 78 utaionyeshaje, uvue viatu? Kwa hiyo namba zote halali hazikufika hata arobaini. Ukianza kustaafisha sita, saba, nane, unawanyima watoto jezi. Tennessee peke yao wameshastaafisha za akina mama sita, kina Holdsclaw 23, Catchings 24, Candace Parker 3. Miaka ya karibuni sheria imelegezwa. Sisi huku wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tulikuwa na 4 mpaka 15 basi, ukistaafisha mbili timu inakosa sare.

Mdau_wa_Upanga
Asante mzee, hii ndo hoja yangu haswa. Na mfano uko karibu kuliko mnavyodhani. Connecticut namba zao mbili za kwanza kustaafishwa, mwaka 2019, ni 50 ya Rebecca Lobo, yule wa kikosi cha 1995 kilichomaliza 35-0, na 34 ya Ray Allen. Sasa mnakumbuka kati ya Allen kuondoka 1996 na hiyo 2019 nani aliivaa 34? Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam. Wangeifungia 34 mwaka Allen alipoondoka, Mtanzania asingeigusa.

Chuma_cha_Reli
Na ingekuwa afadhali kwa 34.

Mdau_wa_Upanga
Unamaanisha nini?

Chuma_cha_Reli
Timu za NBA zilipochagua chipukizi 2009, Memphis wakamchukua yeye chaguo la pili, mbele ya James Harden wa tatu na Stephen Curry wa saba. Memphis mpaka leo wakisikia jina la Tanzania wanashika kichwa.

Bwana_Fitna
Hapo sasa ndo mmenirudisha 😂

Mchambuzi_Uchwara
Chuma hapo umechemka. Tunaongelea chuo, siyo NBA. Chuoni Thabeet alikuwa moto, 2009 mchezaji bora wa ligi yao ya Big East kwa kugawana na DeJuan Blair, mlinzi bora mara mbili mfululizo, kaipeleka timu nne bora za taifa. Kijana kaanza kikapu akiwa mkubwa, unategemea nini?

Chuma_cha_Reli
Natetemeka kwa heshima. Timu ikampeleka ligi ya maendeleo mwaka wake wa kwanza tu. Tiketi imekatwa, filamu haijaanza.

Kipanga254
Mnamdharau wa kwenu. Angekuwa Mkenya tungekuwa tumempa barabara.

Chuma_cha_Reli
Mchukueni.

Mzee_wa_Filimbi
Nyie watoto mna laana. Mtu katoka huku, kasimama futi saba na zaidi mbele ya dunia nzima, mnamcheka mmekaa kwenye sofa. Chuma wewe umecheza wapi?

Chuma_cha_Reli
Mzee sijacheza popote, lakini yai viza nalijua bila kutaga.

Mdau_wa_Upanga
Jamani mada ilikuwa mabinti. Sheryl Swoopes sijamtaja, naye 22 hiyo hiyo, Texas Tech, pointi 47 fainali ya 1993, wamestaafisha. Hivi kuna nini na 22?

BintiMwanza_9
Mleta mada mi nakuunga mkono, na sababu yangu haina Clark ndani yake. Shuleni kwetu seti ya jezi ilikuwa moja tu, 4 mpaka 15 kama alivyosema mzee, ile 9 tulikuwa tunaigombania kwa sababu ya dada mmoja wa kidato cha nne aliyekuwa akiivaa mpaka mashindano ya UMISSETA, yule dada alikuwa anapanda juu kama hana mwili. Alipomaliza alinifuata bwenini akanipa mkononi, haijakunjwa, ina tundu kwapani, akaniambia usiifulie na jiki. Basi. Hakuna dari wala spika. Mechi ya kwanza nilikuwa naogopa kukosa ile mipira ya bure kuliko nilivyokuwa naogopa mtihani. Mwaka juzi nimepita pale na mwanangu, katoto kamoja kanakimbia kameivaa, 9 imechanika mkia inasomeka kama sifuri, nikakaa kwenye jiwe nikaangalia mpaka mwisho.

Mzee_wa_Filimbi
Walishinda?

BintiMwanza_9
Walipigwa vibaya sana mzee wangu.

Bwana_Fitna
Dada yangu hii imenigusa, ya juu nimeifuta moyoni.

Chuma_cha_Reli
Sawa, ila Harden alikuwa bado yupo pale, hajachukuliwa. Yupo kabisa.