Naomba ushauri: kromosomu za kitunguu hazionekani kwenye hadubini

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha tano. Nimeotesha mizizi ya vitunguu maji, nikakata ncha, nikaziloweka kwenye asidi ya hidrokloriki, nikatia rangi ya asetokamini na kuzibonyeza chini ya kioo. Nataka wanafunzi waone seli zikigawanyika: kromosomu 16 (vibeba vinasaba) zimejipanga katikati ya seli, na kwenye seli nyingine nyuzi za spindo zimeshazivuta pande mbili. Hapo pa kuvutwa ndipo ninapopapenda mno, na ubaoni hapaeleweki kabisa. Lakini karibu kila seli ina kiini cha mviringo tu! Nikate mizizi asubuhi? Milimita ngapi toka nchani? Kwenye asidi dakika ngapi? Nisaidieni tafadhali, kipindi ni Alhamisi.