i7-7500U au i5-8250U: kuna haja ya kulipia "i7"?

Swali
Wakuu, kuna kompyuta mpakato mbili za mtumba, zote RAM GB 8, SSD GB 256. Moja ina prosesa ya Intel i7-7500U, nyingine i5-8250U. Ya i7 imezidi kwa laki moja na nusu, na muuzaji anashikilia kwamba "i7 ni i7". Kazi ni Excel yenye mafaili mazito na kivinjari chenye tabo nyingi.

Jibu
Chukua i5, laki na nusu ibaki mfukoni. Hiyo i7 ya 2016 ina viini (cores) 2 na nyuzi (threads, kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) 4. Hiyo i5 ya 2017 ina viini 4 na nyuzi 8, na zote mbili ni za wati 15. Mwendo wa juu kabisa ni GHz 3.5 kwa 3.4, tofauti ambayo Excel haitaiona. i7 ni cheo ndani ya kizazi chake tu. Kizazi ni tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 7, kisha 8. Halafu Windows 11 rasmi haiikubali 7500U, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada Oktoba 2025.

Jibu
Naongezea herufi za mwisho wa jina (U, HQ), maana hapo ndipo wengi wanapigwa. i7-6600U na i7-6820HQ ni kizazi kimoja, stika ileile. Ya kwanza viini 2, wati 15. Ya pili viini 4, wati 45, inakula betri na inapiga feni.

Jibu
Msidhani AMD, washindani wa Intel, ni wasafi. Kwenye prosesa zao za Ryzen za mfululizo wa 7000 za mpakato, 7 ya mwanzo ni mwaka wa kuuzwa. Usanifu, yaani muundo wa ndani (AMD huuita Zen), umefichwa kwenye tarakimu ya tatu. Ryzen 5 7520U ni Zen 2, teknolojia ya 2019. 7540U ni Zen 4. Dukani zote ni "Ryzen 5 mpya".

Muuliza
Stika zimebanduliwa. Nahakikishaje?

Jibu
Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, fungua Performance, kisha CPU (prosesa). Jina liko juu kulia. Chini soma Cores 4 (viini), Logical processors 8 (nyuzi). Ukiwa hapohapo bonyeza Memory (RAM): "Slots used" ikiwa 1 of 2, ongeza kijiti cha pili cha GB 8 DDR4. Hiyo laki na nusu inapata kazi yake.