Naomba ushauri: sadaka ya vyakula kwa wazee wa mtaani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ramadhani iliyopita tulichangishana watu kumi na mmoja hapa mtaani kwetu, Unguja, tukawapelekea wazee saba mchele, unga, sukari, mafuta na tende. Tukaona mchango usife, sasa tunapeleka kila mwezi.

Shida ni kwamba furushi ni moja kwa wote. Bi mmoja ana miaka 66, hajafika 70 ya kupata Pensheni Jamii (ile pesa ya kila mwezi ya Serikali ya Zanzibar kwa wazee), na analea wajukuu wanne. Kilo tano za mchele kwake ni siku chache tu. Mzee mwingine anaumwa kisukari, na sisi kila mwezi tunambebea sukari! Nilipojua niliona haya.

Nimefikiria tumwachie pesa mwenye duka, kila mzee achukue anachohitaji mpaka elfu thelathini. Wenzangu wanahofia wajukuu watamalizia kwenye soda na biskuti, au bei zitapanda kimyakimya.

Waliowahi kufanya hivi, daftari alishika nani? Na yule asiyetaka majirani wamwone akipokea, mlimfikishiaje?