Mrejesho: fidia ya kaka, saratani ya figo na moshi wa Balad

Wakuu, niliuliza kuhusu kaka yangu, mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyehudumu Balad, Iraq. Ana saratani ya figo, na ombi lake la zamani la fidia lilikataliwa kwa kukosa barua ya daktari inayohusisha ugonjwa na mashimo ya kuchomea taka. Basi, safari hii limepita!

Aliyenielekeza kwenye sheria ya PACT ya Agosti 2022 (sheria ya Marekani kwa wanajeshi wastaafu waliopata madhara ya moshi na sumu kazini), Mungu akubariki. Kwa waliohudumu Iraq, saratani ya figo sasa inahesabiwa kuwa imetokana na utumishi. Huhangaiki kuthibitisha chanzo. Tuliomba upya kwa DD214 (cheti cha kumaliza utumishi jeshini) inayoonyesha alikuwa Iraq, pamoja na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye figo. Kule walichoma matairi, plastiki, betri, hata taka za hospitali, kwa mafuta ya ndege. Kaka anasema masizi yalifika hadi kwenye mto wa kulalia.

Saratani ikiwa bado hai, kiwango cha ulemavu kinachopangia fidia ni asilimia 100. Anayeomba mara ya kwanza awasilishe kusudio la kuomba. Linamshikia tarehe ya malipo mwaka mzima akikusanya makaratasi. Na wanaotaka asilimia ya hela yenu wakimbieni, vyama vya wastaafu vilivyoidhinishwa husaidia bure.

Kaka bado yuko kwenye dawa.