Kikundi chetu cha amani Tana Delta: mradi umeisha, nauli hakuna, na mheshimiwa anataka kutuvalisha fulana. Mnashaurije?

Barobaro wa Delta (mwanzisha uzi)

Salaam wanajamvi. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, ila leo nina jambo linanikosesha usingizi.

Natoka Tana Delta, pwani ya Kenya, pande za Garsen. Tuna kikundi cha kujitolea cha vijana na kina mama: Wapokomo, Waorma na Wawardei pamoja. Kazi yetu ukiiangalia ni ndogo. Ng'ombe wakiingia shambani, tunajitahidi tufike kabla ya panga. Tunasimama pale pale, tunamtafuta mwenye mifugo, tunamwita mzee wa Gasa (baraza la wazee wa Wapokomo) kwa upande wa wakulima na mzee wa Matadeda (baraza la wazee wa Waorma) kwa upande wa wafugaji, tunahesabu mashina yaliyoliwa watu wote wakiona, wanaelewana fidia, maisha yanaendelea. Wengi wetu tulikuwa wadogo mwaka 2012, ule mwaka vijiji vya Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao vilivamiwa, watu zaidi ya 100 wakauawa ndani ya miezi michache. Huku hakuna anayehitaji semina ya kumweleza kwa nini tunafanya kazi hii.

Sasa shida. Shirika lililokuwa linatushika mkono limefunga mradi wake na kwenda. Lilikuwa likitoa nauli na chai ya mkutano, basi. Tangu liondoke, ukiitisha kikao wanakuja nusu, na hao nusu wanakutazama mfukoni. Wakati huohuo ukame umekaza. Ng'ombe wameanza kushuka kutoka upande wa Garissa na Ijara kutafuta mto, na malka mbili, yaani njia za mifugo kufika mtoni, walizokuwa wakipitia zimelimwa mpaka ukingoni.

Hapo ndipo alipotokea mheshimiwa mmoja anayetaka kiti 2027. Anasema atatupa fulana, reflekta, pikipiki mbili na kitu kidogo cha kila mwezi mpaka uchaguzi wa Agosti. Masharti hana, ila jina lake liandikwe mgongoni. Kikao kiligawanyika katikati. Dada mmoja Muorma alisimama akasema, "Siku nikivaa jina lile, hata shangazi yangu hatanifungulia boma." Mwingine akamjibu kwamba shangazi hamlipii karo.

Nawauliza: tuchukue? Na tusipochukua, tutawashikaje watu bila nauli?

Pesa Haina Kabila

Chukueni. Siku akitoa mpinzani wake, chukueni pia. Kura ni siri ya mtu na debe. Watu wa amani nao wana matumbo, au mnadhani kujitolea ni kufunga mwaka mzima? Fulana ikiwaka sana vaeni ndani nje 😂

Binti Wajir

Barobaro, mimi nitakusimulia ya kwetu halafu wewe utapima.

Miaka ya 1992 na 1993 Wajir iliwaka koo kwa koo: Ajuran, Degodia, Ogaden. Sokoni ilifika mahali mama wa ukoo huu hamuuzii wala hanunui kwa mama wa ukoo ule. Kina mama wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, wakaanza na kitu kimoja tu: soko liwe la kila mtu. Ukinyimwa kununua au ukitukanwa, unawaita, wanakuja, mnaongea pale pale penye ndoo za maziwa. Kutoka hapo wakawaendea vijana, kisha wazee. Wazee walipokubali kukaa kitako, aliyewekwa kuongoza alitoka katika ukoo mdogo kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuogopa. Azimio la Al-Fatah, ndiyo makubaliano ya amani ya wazee hao, lilitoka mwaka huohuo wa 1993. Serikali ilikuja kuiingiza kamati yao ya amani katika mipango ya wilaya mwaka 1995, kazi ikiwa tayari inaonekana. Marehemu Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, lakini hiyo ni miaka mingi baadaye.

Angalia walianzia wapi. Sokoni. Mahali ambapo wangekwenda hata bila amani, kwa sababu lazima mtu auze. Nauli ya nani hapo? Nyinyi shirika liliwazoesha amani ya ukumbini, ya viti vya plastiki na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi imeondoka na watu wameondoka nayo. Siwalaumu, ndivyo miradi inavyotufundisha kila mahali.

Kwa hiyo swali langu: ni nani Garsen anayevuka kila siku kutoka upande mmoja kwenda wa pili kwa shughuli zake mwenyewe?

Barobaro wa Delta

@Binti Wajir umenigusa. Wanaovuka wapo. Kina mama wa Kiorma wanaleta maziwa asubuhi, wanarudi na mahindi na ndizi za Wapokomo. Vijana wa bodaboda wanaingia vijiji vyote. Wachuuzi wa samaki pia. Kusema kweli habari za shamba kuliwa huwa tunazipata kwa bodaboda kabla hata ya naibu chifu.

Binti Wajir

Basi kamati yako ni hiyo. Iache ile ya kuitana.

Mluguru wa Kilosa

Wakuu, naingia kutoka Tanzania maana hili la mkulima na mfugaji sisi tunalijua kwa damu. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni, Kilosa, waliuawa watu 38. Tangu hapo tumeundiwa kamati, tume, mabaraza, kila kitu.

Nisichokipenda kwenye vikundi vya amani, na samahani Barobaro, ni kwamba vinafika ng'ombe akiwa ameshakula. Ng'ombe ana kiu na mto uko mbele yake. Kama njia imelimwa atapita kwenye mahindi, na hilo halina kabila wala dini. Hizo malka mbili ndizo kesi yenu. Zikibaki zimefungwa mtahesabu mashina mpaka mzeeke.

Huku kwetu kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na mipango ya matumizi ya ardhi. Kijiji kinaweza kutenga eneo la malisho na njia za mifugo. Penye mipaka iliyowekwa na watu wakaiona kwa macho, ugomvi umepungua. Penye ramani iliyofungiwa kabatini kwa mtendaji, ni yale yale. Nyinyi Kenya mna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, itumieni. Lakini kabla ya sheria, pigeni miti ardhini wazee wa pande zote wakiwepo. Mfugaji mgeni kutoka Garissa hajui ramani yenu, mti wenye rangi atauona.

Na huyo mheshimiwa msimfukuze. Mwambieni hivi: pikipiki weka, fulana weka, njoo tu kwenye baraza la chifu useme hadharani kwamba malka zifunguliwe. Hiyo haigharimu hata shilingi. Mtamjua.

Pesa Haina Kabila

Hawezi kusema. Waliolima malka ni wapiga kura, ng'ombe wa Ijara hana kura Garsen. Mnamwomba ajinyonge.

Mluguru wa Kilosa

Ndiyo maana nikasema mtamjua.

Mtoto wa Kibra

Mimi niko Nairobi, Kibra. Mwanzoni mwa 2008, mtaa ukiwa bado unafuka moshi wa ghasia za uchaguzi, msanii wetu Solo 7 alikuwa anapita na rangi na brashi akiandika ujumbe wa kutaka amani kwenye kuta, mabati, barabarani, hata pale palipochomwa. Watu walimwacha apite. Angekuwa na kofia ya chama chochote sidhani kama angemaliza ukuta mmoja. Dada Muorma aliyezungumzia boma la shangazi amesema kitu ambacho wengine tulijifunza kwa moto.

Jambo la pili. Kwenu zamani mwaka 2013 si kulikuwa na ile Una Hakika ya kukagua uvumi kwa simu? Mtu anatuma ujumbe mfupi, "nimesikia hivi", wanauliza watu wao mashinani, kisha wanamrudishia jibu. Hiyo mnaweza kuifanya hata bila mradi. Chagueni wachache wanaoaminika kila kijiji. Sauti ikiingia WhatsApp kwamba "wamevamia", swali ni: aliyeona ni nani, wapi, saa ngapi? Kama aliyeleta ni mtu aliyesikia kwa mtu, inakaa hapo hapo mpaka apigiwe aliye karibu na mahali. Na jibu litoke kwa mtu wa upande unaotuhumiwa na wa upande unaotuhumu kwa pamoja. Mpokomo akikanusha peke yake habari za Waorma haaminiki, na kinyume chake.

Wakili Mstaafu

Nitaongeza dogo la kisheria, kwa kuwa nimeona vikundi vingi vikiteleza hapa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha. Mazao kuliwa, ng'ombe kukatwa panga, matusi ya mtoni: suluhisheni, andikeni, naibu chifu awe shahidi. Lakini kifungu hichohicho kina mipaka. Mtu akiuawa, au msichana akibakwa, msikae mkahesabu ng'ombe wa fidia mkadhani mmemaliza. Iteni polisi, tunzeni mashahidi. Wazee wanaweza kukaa sambamba ili watu wasilipize kisasi, ila kesi iende kortini. Kikundi kikishajulikana kuwa kinafunika damu, upande ulioumia hautakiamini tena, na una haki.

Kuhusu sauti za uchochezi: zihifadhini pamoja na tarehe na namba iliyotuma. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Ukimtajia msimamizi wa kundi la WhatsApp sheria hiyo kwa upole, faraghani, mara nyingi sauti hufutwa bila kelele.

Pesa Haina Kabila

Yote mazuri. Lakini mnamshauri kijana wa watu mkiwa mmeshiba. Nani atanunua mafuta ya pikipiki usiku wa manane ng'ombe wakiingia? Amani ya kwenye simu haina petroli.

Mama Ndizi

Mwanangu Pesa, hapo umesema kweli na sitakubishia. Mimi ni wa hapo hapo Garsen, nauza ndizi na maembe, namjua Barobaro na watu wake bila kuwataja.

Sisi kina mama wa soko tuna chama cha kuzungushiana pesa, na ndani yake wamo Waorma wawili wa maziwa. Tunaweza kutenga kidogo kila siku ya soko, mafuta ya dharura tu. Chai hapana. Mkutano hapana. Mafuta ya kumfikisha mzee shambani, na anayechukua anaandikiwa daftarini. Ng'ombe wakizusha vita sisi ndio wa kwanza kufunga soko, kwa hivyo hatutoi sadaka, tunalinda biashara.

Fulana ya mheshimiwa msivae. Akishinda mtaitwa watu wake, akishindwa mtaitwa watu wake.

Barobaro wa Delta

Nashukuruni sana, wote, hata wewe Pesa. Narudi na habari.

Tulikaa Ijumaa baada ya sala, chini ya mwembe, bila chai. Fulana zimekataliwa, si kwa kura nyingi lakini zimekataliwa. Wawili wameondoka kwa hasira na wanasema watavaa kivyao, ni haki yao, ila tumewaomba wasiende shambani kwa jina la kikundi. Mheshimiwa tulimpelekea lile ombi la malka. Alisema ni jambo zito, atashauriana na wazee. Wazee anaosema ni wepi hatukuambiwa.

Bodaboda wamekubali kuwa macho, kila kituo na wawili, mmoja wa kila upande. Daftari la mafuta liko kwa Mama Ndizi. Malka moja wazee wameitembelea pamoja na aliyelima. Anataka avune kwanza ndipo afungue, na wafugaji wamekubali kungoja kwa sharti wapewe njia nyembamba kandokando. Ya pili bado moto.

Swali lililobaki ni la kuhesabu hasara. Juzi mkulima alitaka alipwe bei ya gunia la mahindi makavu kwa mahindi yaliyofika magotini. Mfugaji akacheka, nusura yatokee mengine. Mnapimaje?

Mama Ndizi

Hilo ni langu. Msihesabu shamba zima kwa macho, kila mtu ataona ukubwa anaoutaka. Chukueni mstari mmoja ulioliwa, hesabuni mashina, mfugaji ahesabu kwa sauti na mkulima afuatane naye. Kisha hesabuni mistari.

Mahindi machanga, yaliyo chini ya goti, mara nyingi huchipua tena kama moyo haukukanyagwa. Hayo msilipane siku hiyo. Wekeni alama, rudini baada ya wiki, lipaneni yaliyokufa tu. Yaliyopita goti na kung'olewa au kukatwa, mkulima arudishiwe gharama za mbegu na palizi, na kama muda wa kupanda tena umepita, ongezeni. Mahindi mabichi yenye punje, bei ni ya kuchoma ya soko la Garsen wiki ile ile. Gunia kavu ni kwa yaliyokauka shambani, basi.

Mkikwama mwiteni afisa wa kilimo wa wadi aje na karatasi yake, watu humwogopa zaidi kuliko sisi. Na mwenye ng'ombe akikosa pesa taslimu, apokelewe maziwa kwa wiki kadhaa. Nimewaona wakilipana hivyo, mama wa mfugaji analeta mwenyewe mpaka mlangoni.