Ruzuku za SWAT Marekani: mji wa watu elfu 23 unahitaji gari la deraya la nini?

Baba Zuhura: Wadau tunaoishi huku, hili la serikali kuu kuwapa polisi wa miji midogo ruzuku za SWAT, vile vikosi maalum vyenye silaha nzito, linaniuma kwa sababu ni kodi zetu. Tangu mashambulizi ya 2001 hela zinamwagwa kwa jina la ugaidi. Keene kule New Hampshire, mji wa watu elfu 23, 2012 walipewa karibu dola 286,000 wanunue BearCat, gari la deraya, na kwenye maombi walitaja tamasha lao la maboga. Maboga jamani! Gari likishafika lazima litafutiwe kazi, na kazi yenyewe ni kuvunja milango ya watu usiku wakisaka dawa za kulevya.

Dereva wa I-70: Kaka wewe ulishahamia suburb, nyasi zinakatwa kila Ijumaa, risasi utazijulia wapi. Sisi wa apartment tunawalaza watoto chini. Waje hata na kifaru.

Mwana Lamu: Na hayo magari si yalitoka Iraq, wanapewa bure? Ruzuku gani tena?

Sista K: Hapana, unachanganya. Yale ya jeshi ni mpango wa 1033, wanapewa kifaa chenyewe, gharama ya kukitunza ni juu yao. Ruzuku ni hela, inapitia jimbo, na sheria inasema angalau robo ya zile za usalama wa ndani iende kwa polisi kuzuia ugaidi. Obama alibana vifaa vya kijeshi 2015 baada ya maandamano ya Ferguson, Missouri, Trump akafungua 2017, Biden akabana tena 2022, Trump akaifuta amri hiyo 2025.

Baba Zuhura: Dereva, mambo ya nyasi zangu yameingiaje hapa? Mimi nimekaa apartment miaka 9, usinifanye mgeni.

Dereva wa I-70: Ulikaa, sasa hukai. Anayelala salama ndiye anataka polisi wanyang'anywe vifaa.

Mkamba Halisi: Dereva ako na point bana. Kijana akifunga mlango na bunduki ndani, unatuma askari na rungu?

Sista K: Shambulio la shule ya Uvalde, Texas, 2022 walifika maafisa 376, na mji ule ulikuwa na SWAT yake. Dakika 77 zilipita kabla ya kumkabili mpiga risasi, huku watoto wanapiga simu ndani ya darasa. Wamekufa watoto 19 na walimu 2. Vifaa vilikuwepo, nani aliingia mapema?

Mkamba Halisi: Dada, usitumie wale watoto kushinda mjadala.

Sista K: Nina mtoto wa darasa la nne na kila muhula anafundishwa kujificha chini ya meza. Sishindi chochote. Nataka hela ya deraya iwe ya mafunzo na ya watu wa kujibu simu za wagonjwa wa akili, basi.

Mama Neema: Mimi narudi kwa Dereva, hii tabia ya kuambiana nani kahama nani kabaki ndiyo inavunja jumuiya. Kwenye misiba tunachangishana wote, suburb na apartment.

Dereva wa I-70: Mama, sijamtukana mtu. Ila watu wakipata nyumba hawaonekani tena hata kwenye mikutano.

Baba Zuhura: Basi ngoja niseme nilichohamia. Saa 10 alfajiri walivunja mlango wangu, bomu la kishindo likalipuka sebuleni, mke wangu ana mimba ya miezi 7, wamenilaza kifudifudi, kumbe wanamtaka mtu wa ghorofa ya juu. Mlango nililipa mwenyewe. Zuhura mpaka leo akisikia mtu anagonga anakimbilia chooni. Mikutano siji kwa sababu inafanyika jengo lile lile.

Dereva wa I-70: Hili hukuwahi kulisema. Pole sana kaka. Mimi bado nataka waje risasi zikilia, sitadanganya. Ila la nyasi nalifuta.

Mwana Lamu: Kwani mlango hawalipi kweli? Hakuna wa kudai?